Ombi la Kuzama Peke Yangu

Bukavu, tarehe 14 mai 1975

Kwa Sitwayeni Prezida wa Klabu ya Wazamiaji wa Ziwa

Sitwayeni Prezida,

Mimi Mushagalusa, mwalimu wa hesabu na memba wenu wa miezi mbili, ninaomba kwa heshima yote chupa ya hewa na ruhusa ya kuzama kwa ziwa bila kundi wala kiongozi. Sababu ni hizi:

1. Kila Jumamosi, mbele ya kuingia maji, tunaimba na kucheza animasyo ya kusifu chama nusu saa, mwili muzima ndani ya nguo ya mpira. Kutoa jasho kwa ajili ya taifa sikatai. Lakini wamama wanaofua nguo pale pwani wamekwisha kuniita Chura wa Serikali.

2. Chini ya maji tunafungwa kamba moja, watu munane, kama mbuzi wa soko ya Walungu. Mumoja akikohoa, wote tunapanda.

3. Kiongozi wetu Donatien (unisamehe jina la kizungu lililokatazwa na serikali, nyumbani bado linatumika) anatupeleka kila mara upande wa kushoto, kwa lile jiwe kubwa. Jiwe nimelijua, naweza kulitambua hata mukiniletea ku biro. Upande wa kuume, penye matope, tulikwenda siku yangu ya kwanza tu, hatujarudi tena. Na shida yangu iko kule.

4. Sasa niseme yote, na barua hii ibaki kwako. Siku yangu ya kwanza baridi ilinisinyaza vidole, pete yangu ya ndoa ikatoka, ikashuka kwa matope. Nikapanda na wengine, ngumi imefungwa. Nyumbani nilimwambia bibi yangu Eulalie kwamba nimeituma Kamituga kwa mufua dhahabu aipanue, maana ninanenepa. Kwa mushahara wa mwalimu! Eulalie hakucheka. Aliuliza tu mufua anaitwa nani.

5. Donatien ni kaka ya Eulalie. Mutu atatafuta namna gani pete ya dada ya mutu, huku amefungwa naye kamba moja?

6. Jumapili hii tunapokea posa ya mudogo wake Eulalie huko Nyantende. Baba mukwe ataniketisha mbele kama mukwe wa mufano, vidole kumi juu ya meza. Eulalie alinipenda nikiwa sina hata baiskeli. Ninaogopa kumupoteza kuliko ninavyoogopa maji, na maji ninaogopa sana.

Kama kuzama peke yangu haiwezekani, basi kundi lizame likifumba macho, na Donatien apewe konje, apumzike nyumbani.

Salamu kwa komite yote, kwa maman Adélaïde anayetukaangia samaki wadogo, sambaza, tukitoka majini, na hata kwa Donatien, ila usimwambie zimetoka kwangu.

Mwenye kukutii,
Mushagalusa

N.B. Barua hii niliiandika jana, lakini sikungoja jibu. Leo asubuhi niliazima chupa, nikaingia peke yangu. Maji yakiwa kifuani, niliinama nikaona miguu yangu mwenyewe kule chini, nikapiga kelele hadi mupira wa hewa ukatoka mudomoni. Donatien, aliyekuwa pwani, ndiye aliyenivuta. Tafadhali, Jumamosi uniwekee nafasi katikati ya kamba.

Na pete, Donatien ameniambia leo: aliiokota siku ile ile iliponitoka, akamupa dada yake. Wiki saba Eulalie anayo, na kila jioni aliniuliza habari za mufua, nami nikamupa: mara ana malaria, mara barabara imekatika. Jumapili nitakwenda Nyantende kidole kitupu. Eulalie anasema nitarudishiwa pete siku yule mufua wa Kamituga atakapokuja kuileta yeye mwenyewe.