Vibuyu Vitatu vya Maji Matamu

Jumamosi, 2 Novemba 1957

Gari limechemka tena! Pale pale, kwenye kijia cha kwendea pango la mzuka, kabla ya kufika Gazi. Mara ya nne sasa. Kutoka Msambweni linakwenda kwa madaha kama bwana harusi. Likifika kwenye kijia, puu! Mvuke, miluzi, aibu. Chande akapita na lori lake la mbata, akapunguza mwendo makusudi. Akaniuliza kama ninapika wali au muhogo, ajue aje saa ngapi.

Sikumjibu. Mtu mzima hajibizani na lori.

Alhamisi nampeleka Mishi, binti wa marehemu dada yangu, kwa mumewe Diani. Dada mwenyewe alipelekwa kwake juu ya magunia ya mbata, akafika na mafuta mgongoni, akataniwa mpaka anaingia kaburini. Nilimwahidi siku zake za mwisho kwamba bintiye atakwenda ameketi kwenye kiti. Ndiyo maana nikalinunua gari hili kwa mzungu wa mkonge aliyekuwa akirudi kwao. La mwaka wa ishirini na tisa. Alicheka mno siku ya kuniuzia. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Chande ameshatangaza barazani kwamba lori lake litakuwa tayari, "endapo." Hiyo "endapo" imeniharibia chakula cha mchana. Nimekula kidogo tu, sahani mbili.

Jumapili, 3 Novemba

Nimegundua! Kisima chetu ni cha chumvi, na miaka mitatu nimekuwa nikiinywesha rejeta maji hayo. Rejeta ni sufuria tu. Sufuria ikichemshiwa chumvi hufanya ukoko. Hata fundi wa Mombasa asingesema vizuri zaidi.

Nikayayeyusha magadi ya Biasha, mke wangu (aliyaweka kwa ajili ya kunde), nikayamimina ndani, nikawasha injini robo saa. Nikafungua koki ya chini. Mola wangu! Tope jekundu, magamba meupe ya chumvi, na konokono wawili wa pwani. Waliingiaje? Nikachomoa paipu za mpira, nikaitoa rejeta, nikaipindua kichwa chini, nikaimiminia maji kinyumenyume mpaka yakatoka meupe. Mgongo umekwisha.

Biasha akatazama, akasema nikiijaza tena maji ya chumvi nitakuwa nimefua kanzu nikaianika kwenye matope. Nikamwomba mtungi wake wa maji ya mvua. Akasema huo ni wa kumwogeshea bi harusi, na macho yangu niyatoe hapo.

Jumatatu, 4 Novemba

Maji matamu kuliko yote huku kwetu yako pangoni. Kila mtu ajua. Na kila mtu ajua utaratibu: unavua viatu, unapiga hodi, unaacha marashi, unakunywa hapo hapo, na hutoki hata na tone. Lakini utaratibu huo uliwekwa kabla ya magari.

Nikaenda adhuhuri, Bi Khamisa mtunza pango akiwa shambani. Viatu nilivua, mimi si mshenzi. Hodi sikupiga. Anayepiga hodi huitikiwa, nami nilikuwa na haraka.

Ndani baridi. Chupa za marashi zimepangwa ukutani. Maji yanadondoka kutoka juu, tone, tone, tone. Nikachota kibuyu cha kwanza, cha pili. Nilipokiinua cha tatu, matone yalinyamaza. Sijui niliandikeje jambo hili. Yalinyamaza kama mtu aliyekuwa akihesabu, akafika.

Nikatoka bila kukimbia. Karibu bila kukimbia. Kiatu kimoja nimekisahau ndani.

Jumanne, 5 Novemba

Jaribio, kwa maji ya pangoni. Injini ikaimba! Nikaimba nayo. Kwenye kijia: puu!

Lakini leo mvuke ulinukia marashi. Nikangoja lipoe, nikazungushia mkono gunia, nikafungua mfuniko. Rejeta imejaa mpaka shingoni. Mvuke wote ule, na ndani hapajapungua kijiko! Kiatu changu nacho kilikuwa kando ya barabara, kimelowa, kimeelekezwa nyumbani.

Chande akapita. Akavuta pua, akauliza kama bi harusi ndiye mimi.

Nyumbani nikafungua koki kwa hasira. Nikawahi kukinga vibuyu viwili. Cha tatu kilimwagika uani, kuku wakakinywa. Punde kuku wote saba wakatoka mmoja mmoja kwa mstari, wakasimama barabarani wakitazama kaskazini, upande wa Gazi. Kimya. Jogoo naye! Wakakaa hivyo mpaka alasiri.

Biasha hakunifokea, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema taratibu, "Baba Kibwana, rudisha maji ya watu."

Jumatano, 6 Novemba

Kwa Bi Khamisa. Shikamoo yangu akaiitikia bila kunitazama, akauliza, "Vitatu, siyo?" Sikuwa nimemwambia. Sikuwa nimemwambia mtu!

Akasema nirudishe nilichochukua, kipimo kile kile, utamu ule ule. Niweke marashi, nisiombe kitu. Na kesho kiti cha mbele, ubavuni mwangu, kibaki kitupu. Nikauliza kinawekewa nani. Akasema, "Wewe endesha tu, mwanangu."

Sasa, nina vibuyu viwili. Cha tatu kimo matumboni mwa kuku. Nikakijaza kisimani kwetu. Maji ni maji, na mle pangoni mna giza, nani ataonja? Nikavimimina vyote vitatu. Matone yakanyamaza tena. Nikasema Bismillahi, nikaondoka nikiwa na viatu vyote viwili. Maendeleo.

Biasha, kwa kumhurumia Mishi, amenipa mtungi wake wote wa mvua niijaze rejeta. Ulitosha barabara. Bi harusi ataogeshwa maji ya kwa jirani.

Alhamisi, 7 Novemba

Tumefika! Diani, bila kusimama! Mishi nyuma, amefunikwa shela, ameketi kwenye kiti, kando yake somo wake anayemfunda. Chande nyuma yetu na lori la wanawake na vigelegele, akingoja nichemke. Kwenye kijia nilifumba macho (kidogo tu, barabara ni nyembamba). Hakuna puu. Marashi tu, mazito, kama mtu ameingia.

Kutoka hapo injini haikutoa sauti. Ilikwenda kama inayoteleza. Shingo yangu ya upande wa kushoto ikashikwa na baridi.

Tuliposhuka Mishi akaninong'oneza: "Mjomba, yule bibi aliyekaa mbele mbona hakushuka? Nilimwamkia, akaniitikia vizuri." Nikamwambia ni njaa inayomwonyesha mambo, hajala tangu asubuhi. Somo wake alishuka bila kutazama mbele.

Nikagusa mfuniko wa rejeta. Baridi, kama mtungi kivulini. Nikaufungua. Pakavu! Wala tone! Chini ya gari hakujavuja hata kidogo. Na kiti cha mbele kimelowa chapachapa. Nikakamua godoro lake, nikapata kibuyu kizima kamili. Nikaonja kwa ncha ya ulimi. Chumvi. Ladha ya kisima chetu hasa.

Dada yangu, nimetimiza. Hilo tu nilitaka kuandika.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimelala vizuri, na nimeyaelewa yote. Fundi ni mimi! Magadi yangu yameisafisha rejeta hata gari halihitaji maji tena. Baada ya sala nimewaeleza barazani. Chande ametaka nimwonyeshe. Kesho tunashindana mpaka Likoni, yeye na maji yake, mimi mkavu.

Biasha anasema maji ya mtungi wake yamechukuliwa rejetani na chumvi yetu imerudishwa kitini, na mtu mwenye akili angejua amefanyiwa hesabu. Wanawake!

Kimebaki kiti tu. Chumvi imekiganda, kinahitaji kusuuzwa kwa maji matamu, na mtungi wa Biasha ni mtupu. Bi Khamisa huenda shamba adhuhuri. Nitachukua kibuyu kimoja. Kimoja tu. Nani atahesabu?