Mashine Yangu Haina Kosa

Jumatatu, 3 Februari 2025

Kompyuta yangu ya gemu imezima tena! Katikati ya penalti! Yasini keshaweka mpira, keshavuta pumzi, kioo kikawa cheusi tii. Anaapa lingekuwa goli. Lingekuwa goli wapi, namjua mpigaji yule. Lakini sasa mtaa mzima wa Mabawa unasema mashine yangu, mashine ya Idarusi, imemnyima mtu goli.

Na Mselem alikuwepo. Ndiye mwenyekiti wa mashindano ya gemu ya mpira mtaani, na fainali ni Jumamosi, hapa hapa sebuleni kwangu. Kasema kwa upole (huo upole ndio ulioniudhi) kwamba mashine ikizima tena siku hiyo, fainali inahamia kwa Zabron. Zabron! Mtu kaja juzi kutoka Maramba na magunia ya machungwa, leo naye ana banda la gemu.

Mke wangu Najat kayasikia yote. Siku nyingi anaitaka sebule aweke friji, auze barafu za ukwaju. Tumekubaliana mbele ya mama yake: fainali ikiisha bila mashine kuzima, sebule yangu. Ikizima mbele ya watu, sebule ya friji. Nimekubali papo hapo. Mimi ni mtu wa kutunza vitu. Rimoti yangu bado imo kwenye nailoni yake ya dukani. Makochi pia. Mgeni akikaa yanalia kwacha kwacha, sawa, lakini ni mapya! Vitu vya mtu kama mimi haviharibiki hivi hivi.

Jumanne, 4 Februari

Ugonjwa nimeujua. Joto! Nimeweka programu ya kupima joto la prosesa, ule ubongo wa mashine. Gemu haijafunguka, digrii tisini na tano. Ikichezwa kidogo tu, mia, halafu giza. Inajizima yenyewe isiungue. Akili inazo, zaidi ya baadhi ya watu.

Yasini kasema huenda feni iliyokaa juu ya prosesa haikukaa vizuri. Nikamwuliza kama anajua nani aliyeifunga. Mimi! Mwezi uliopita tu, feni mpya kutoka Dar, bati lake la chini linang'aa kama sufuria za bibi harusi. Hata roho iliniuma kulificha. Yasini akaaga, akaenda zake. Afadhali.

Sababu ni udi. Mama mkwe wangu, Bi Mwanamkasi, anafukiza asubuhi na jioni, na moshi wote unaingia kwenye mashine. Nimemwendea kwa adabu zote. Shikamoo mama. Nikamweleza kwamba udi wake unaiua prosesa. Kaitikia marahaba. Kisha kaongeza makaa kwenye chetezo.

Jumatano, 5 Februari

Wazo kubwa! Mimi nina joto, Najat ana barafu. Nilichukua zile alizogandisha kwa jirani, nikazipanga kwenye sinia juu ya mashine, nikaielekezea feni la mezani. Nikakaa kungoja.

Digrii tisini na tano. Haikushuka hata moja! Kilichoshuka ni ukwaju, ubavuni mwa mashine, hadi kwenye zulia. Sisimizi walijuaje? Nimeiokoa mashine kwa kikoi changu cha sikukuu. Najat hakuuliza habari za kikoi. Kauliza barafu zake, kwamba watoto wa madrasa wamesimama mlangoni wanazisubiri. Nikamwambia huu ni utafiti. Kasema basi nikawape watoto utafiti wanyonye.

Jumba zima limecheka, mama mkwe kwa sauti kuliko wote.

Alhamisi, 6 Februari

Nimekwenda kwa Zabron kupeleleza. Nilijifanya napita kununua vocha.

Wallahi nimesikitika. Mashine yake haina hata mfuniko wa ubavuni. Vumbi! Pedi za kuchezea ziko uchi, hazina nailoni, zimeshikwa na kila mwenye mkono wa mihogo ya kukaanga. Na joto? Digrii sitini, gemu inachezwa tangu asubuhi! Haki iko wapi? Mimi natunza, yeye anapoa.

Kaniona. Kaniita kaka Idarusi, kaninunulia soda, kasema kwa dalili zile joto linashindwa kutoka kwenye prosesa. Eti niifungue feni nitazame chini yake, au aje yeye anisaidie. Nilimwambia kwetu kitu kipya hakifunguliwifunguliwi. Soda niliimaliza, lakini kwa hasira.

Ijumaa, 7 Februari

Nimetafakari hata wakati wa hotuba msikitini, Mungu anisamehe. Ipo krimu inayopakwa kati ya prosesa na feni ili joto lipite. Pesti wanaiita. Basi yangu imepungua! Nimenunua mpya, na bila kufungua chochote nimeipaka pembeni mwa feni, kuzunguka, kama fundi anayeziba dirisha. Nimemaliza yote.

Digrii tisini na sita. Imepanda! Pesti feki. Tanga hii!

Basi kesho madirisha wazi, feni la mezani juu, udi marufuku. Najat kaniuliza tena kwa nini simwiti Zabron, sebule inaniponyoka. Sebule yangu, niikabidhi mikononi mwa mtu wa machungwa?

Jumamosi, 8 Februari

Siku ya aibu. Si aibu yangu.

Sebule imejaa hadi barazani. Dakika ya kwanza, giza. Tukawasha. Giza. Mara ya tatu Mselem akavua miwani, akatangaza fainali inahamia kwa Zabron. Watu wakainuka, makochi yakalia kwacha.

Zabron mwenyewe ndiye aliyewazuia. Kaomba bisibisi. Nikasimama mbele ya mashine. Najat akampa bisibisi! Mke wangu! Zabron kafungua feni, kaigeuza, kaonyesha watu wote. Kwenye lile bati, nailoni. Ya dukani. Imeandikwa kwa Kiingereza, herufi nyekundu: ondoa kabla ya kutumia.

Vicheko hadi mtaa wa pili. Yasini kadai goli lake. Bi Mwanamkasi kaja mbele taratibu na chetezo chake, kaniuliza, mwanangu, na udi wangu je?

Zabron akaibandua, akakomba pesti yangu ya pembeni, akaipaka mahali pake, akafunga. Digrii hamsini na nane. Fainali ikachezwa hapa hapa, haikuzima hata kidogo. Lakini ahadi ni ahadi, kasema Najat: imeshazima mbele ya watu, tena mara tatu. Sebule imekwenda. Nilikaa kwenye kochi langu nikiwa karibu kulia, na sioni haya kusema.

Nimeiokota ile nailoni. Mwezi mzima kwenye moto ule na haina hata mkunjo! Na lile bati bado linang'aa. Nani mwingine mjini ana bati kama lile? Hilo hakuna aliyelisema.

Jumatatu, 10 Februari

Friji limefika. Jipya, zuri, refu kunizidi. Nimemwambia Najat yaliyopita yamepita, kulipanga niachie mimi. Mashine yangu sasa iko chumbani, karibu na kabati la nguo. Zabron kasaidia kubeba friji. Kataka kuchana boksi. Nilimshika mkono! Boksi limebaki, nimetoboa mlango tu. Nailoni yote ipo. Mgongo nimeugandamiza ukutani, usipigwe na vumbi, na juu nimefunika kitambaa cha kufuma.

Jioni Najat kaniuliza mbona barafu hazigandi. Nimepeleka mkono ubavuni. Lo! Moto unachoma!

Friji jipya, limetunzwa hivi, linapataje joto? Kuna mkono wa mtu hapa, na aliyelishika ni Zabron. Sisemi kitu kwanza. Kesho naanza uchunguzi.

Naanza na udi.