Mwalimu Abdias Amefungwa kwa Kukosa Mzigo

Butembo, Agosti 2001

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Utalii, Beni

Mheshimiwa,

Kwa heshima zote, na kwa hasira ambayo nimejitahidi kuimeza, ninakuandikia juu ya meli yangu. Ni lile boti la chuma lililobeba simenti na samaki wa chumvi miaka yote kwenye Ziwa Edouard. Nimelipaka rangi ya buluu, nikaweka viti na mapazia, nikatangaza kanisani: matembezi ya mapumziko hadi mfereji wa Kazinga, kutazama viboko. Vita hivi vimetuchosha sote. Nilitaka watu wakae tu. Lakini:

1. Abiria hawajui kukaa; mtu wa Butembo huzaliwa mfanyabiashara. Mama Virginie alifika na magunia ya maharagwe. "Mais papa, nitaenda mikono bure namna gani?" Wengine wakafuata na vitunguu, sabuni, mbuzi. Viboko walipotokea, hakuna aliyegeuka. Watu walikuwa wakipatana bei.

2. Mke wangu Kahindo ameyashusha mapazia. Anayauza kama vitenge.

3. Hili ndilo linaloniumiza. Abiria mmoja tu alinielewa: mwalimu Abdias, aliyekuja na kofia yake na Biblia, basi. Kwenye bariyeri ya bandarini, pale mizigo inapokaguliwa, askari walimzunguka. "Mutu wa Butembo hana muzigo? Huyu ni espion!" Eti mpelelezi, mzee anayepotea hata njia ya sokoni! Wamemfungia katika ghala la samaki tangu Jumapili, na mimi ndiye niliyemwambia asibebe kitu. Sipati usingizi, Mheshimiwa.

Kwa hiyo ninaomba Abdias aachiliwe kwa hati yenye muhuri, inayothibitisha kwamba anapumzika. Pili, itungwe sheria ya kukataza maharagwe kupanda meli ya starehe. Tatu, askari wafundishwe maana ya likizo. Niko tayari kuwatembeza bure, mradi bunduki zibaki nchi kavu.

Nisalimie nyumba yako yote na makarani wako, pamoja na yule wa mlangoni aliyenifukuza.

Mwenye meli,
Zorobabel Kitsa

N.B. Mwalimu ametoka leo asubuhi. Mke wake Kanyere alimpelekea gunia la viazi. Askari walipoliona walimwomba msamaha, "Kumbe ni mutu muzuri," wakalinunua lote. Sasa mwalimu anataka nafasi ya magunia kumi. Viti nimeving'oa. Tafadhali nitumie kibali cha mizigo.