Saa Moja ya Kumponda Shangazi

Spika iliyofungwa juu ya msonobari ilikohoa, kisha ikatoa habari ambayo hakuna mtu aliyekuja uwanjani siku ile akitarajia kuisikia.

"Fainali ya mwisho ya msimu. Mshindi, Taisto Rintakoski, gari la manjano."

Kwenye benchi letu nyuma ya kibanda cha soseji vichwa vyote viligeukia spika. Sulo alibaki na soseji mdomoni, hatafuni, hatemi.

"Kasema nani?" akauliza hatimaye.

"Taisto," akajibu Hilkka.

"Taisto yupi?"

"Huyu wetu. Breki."

"Basi spika imeingia maji. Mvua hii tangu asubuhi."

Siku za kawaida kijiwe chetu kiko kituo cha mafuta cha njiapanda, meza ya karibu na dirisha. Siku za mbio za magari kijiwe huhama na sisi, na chupa za kahawa na donati na ubishi wote. Sulo tunamwita Waziri, kwa sababu hajawahi kusema jambo bila kuanza na "nimesoma gazetini". Hilkka anaendesha lori la kukusanya maziwa mashambani, kwa hiyo ni Tangi, na ukimwita hivyo hakikisha una mahali pa kukimbilia. Baba yangu mdogo, Reima, ndiye fundi. Huyo ni Moshi, maana huchomelea hata kile ambacho hakijavunjika. Na dereva mkuu, Taisto, ni Breki, ingawa wote wanne wana leseni ya mbio. Kwenye kona hukanyaga breki, kwenye mnyooko hukanyaga breki, na wapo wanaoapa kwamba hukanyaga breki akiwa amelala.

Gari lenyewe ni Shangazi. Zamani lilikuwa la shangazi yake Reima, akiendea kanisani na kurudi, wala si kwingine. Likapakwa rangi iliyobaki baada ya kupaka mlango wa zizi.

Breki akatokea kati ya magari, tope hadi kwenye nyusi, kikombe cha ushindi mkononi.

"Mmeona?" akapiga kelele. "Mmeona, nyie watu wa imani haba?"

"Tumeona wenzako kumi wakivaana kona ya kwanza," akasema Tangi. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma kiasi gani?"

"Nyuma ya kutosha. Mpaka nafika, wao wameshamaliza kugongana. Nikapita pembeni. Mwenda pole hajikwai, mama!"

Tukacheka, tukamkumbatia, tukachafuka sote. Waziri alikibusu kikombe, akafuta mdomo. Reima peke yake hakupiga makofi. Alikuwa akilitazama kontena la ofisi, upande wa pili wa uwanja.

"Wamefungua dirisha," akasema.

Hapo ndipo tulipokumbuka, na furaha ikatushuka kama suruali isiyo na mkanda.

"Yesu wangu," akasema Tangi. "Sheria."

"Nimesoma gazetini..." akaanza Waziri.

"Hakuna asiyeijua, Waziri!"

"Acha niseme, inanituliza. Bei ya magari yote ni moja, ya mshindi na ya aliyepinduka. Kwa saa nzima baada ya fainali, yeyote mwenye leseni ya mbio anaweza kupeleka ombi la kununua gari lolote analolitaka. Wakitokea wengi, wanapiga kura ya bahati. Na mwenye gari akikataa kuuza, anapokonywa leseni. Lengo ni watu wasimwage mali kwenye gari halafu wakatuonea sisi maskini."

"Msimu mzima tumeifurahia sheria hiyo," akasema Breki, akikaa taratibu. "Inatulinda."

"Ilitulinda kwa sababu tulikuwa wa mwisho," akasema Tangi. "Nani anunue wa mwisho? Wewe leo umekwenda kushinda. Nani alikutuma?"

"Sikukusudia!"

"Watalinunua," akasema Reima. Kisha, polepole, "Ghala langu ni kubwa."

Nilimwelewa. Aliuza ng'ombe wake miaka miwili iliyopita na anaishi peke yake. Mwezi wa Januari, jua linapozama mtu hajamaliza chai ya mchana, hawa watatu huja ghalani kwake kulizunguka gari lile na kubishana kuhusu skrubu. Siku ambazo hawaji, taa haiwashwi, na naamini hata kahawa haichemshwi. Niliangalia viatu vyangu.

Breki naye aliangalia vyake. Kisha Tangi akapiga paja.

"Sikilizeni. Anayetaka kununua lazima apite hapa, soseji ni hapa tu. Tumponde Shangazi. Tumponde mpaka mtu aogope kumgusa."

"Tuseme uongo?" akauliza Waziri.

"Uongo wa nini? Tuseme kweli, msimu wetu unatosha!"

Hatukungoja sana. Jamaa mmoja wa mji wa Lapua, mwenye ndevu na ovaroli safi mno, alikuwa akimzunguka Shangazi kama mtu anayenunua farasi. Akamwinamia chini, akamgonga bodi kwa kidole, kisha akaja kibandani akaomba soseji yenye haradali nyingi.

"Lile la manjano ni la kwenu?" akatuuliza.

"La kwetu, kaka, utuombee," akasema Tangi.

"Limekimbia vizuri leo."

"Leo! Muulize huyu mzee kuhusu mwezi wa tano."

Waziri akajikohoza, akasimama kabisa. "Mwezi wa tano nilikuwa mimi kwenye usukani. Kona ya pili nikakata kushoto, Shangazi akasema hapana. Tukavunja uzio wa kamba, tukapita katikati ya watazamaji, tukashuka mteremko, tukasimama kwenye lango la kuingilia. Bawabu akanisogelea dirishani, akaniomba tiketi."

Jamaa wa Lapua akacheka. "Ulikuwa nayo?"

"Sikuwa nayo. Alinizuia nisirudi uwanjani. Ndiyo matokeo yangu ya msimu, kaka: nilifukuzwa kama mzamiaji."

"Hilo ni kosa la dereva," akasema yule jamaa, akitafuna. "Gari halina tatizo."

Tukatazamana. Waziri akakaa, amejeruhiwa.

"Mimi je?" akadakia Tangi. "Mwezi wa sita, daraja la wanawake. Nilikuwa wa pili, nakwambia, wa pili! Mbele yangu mama mmoja akapinduka. Nikasimama, nikamtoa, nikampa kitambaa, tukazungumza habari za magoti yake. Nilipokumbuka kuwa niko kwenye mbio, wenzangu walikuwa wanakunywa kahawa."

"Hilo nalo si kosa la gari. Hilo ni roho nzuri."

"Roho nzuri ndiyo iliyotufikisha mkiani!"

Jamaa akageuka kumtazama Shangazi tena. Nikaona jicho la Breki likifuata. Akavuta pumzi, akaweka kikombe chini ya benchi, na nadhani hakuna kona aliyowahi kuingia kwa shida kama sentensi ile.

"Kaka. Mwezi wa saba niliongoza mbio mzunguko mzima."

"Ndiyo hivyo, gari zuri."

"Ngoja. Niliona mbele hakuna mtu. Nikajua leo ni leo. Nikapunga mkono kwa mashabiki. Nikapiga honi. Kumbe wenzangu walikuwa wamenizidi mzunguko, wako nyuma yangu wanaomba njia. Picha ilitoka gazetini, mimi natabasamu, bendera ya bluu ya kuniamuru nipishe inapepea puani kwangu."

"Nimesoma," akathibitisha Waziri kwa huzuni.

"Na mwezi wa nane," Tangi akamalizia, "gurudumu la mbele lilichomoka, likatangulia. Likakata utepe peke yake, wa tatu! Shangazi akabaki kwenye viazi vya watu. Gurudumu lilipigiwa makofi. Gari lilipigwa picha na mwenye shamba, kwa ajili ya bima."

Hapo jamaa wa Lapua akaacha kutafuna.

"Nani alikaza hilo gurudumu?"

Tukamgeukia fundi. Reima akainua mkono nusu, kama mwanafunzi.

"Mimi," akasema. "Huwa nakaza. Halafu nasahau kama nilikaza, nalegeza niangalie."

Sikuwahi kumsikia akijisema hivyo mbele ya mgeni. Ni fundi mzuri. Mchomeleo wake ukiupitisha kidole huuhisi.

"Ahsanteni kwa ukweli," akasema jamaa wa Lapua, akafuta ndevu, akaondoka. Hatukuweza kuona kama amekwenda kwenye gari lake au kwenye kontena, kwa sababu basi la timu ya jirani lilipita katikati.

"Ameingia laini," akasema Breki.

"Hajaingia," akasema Tangi. "Alikuwa na macho ya mnunuzi. Ngoja niende msalani."

Akaenda. Msala uko kulia. Yeye akakata kushoto, lakini mvua ilikuwa imeongezeka nikadhani anakwepa madimbwi. Aliporudi, Waziri akasema njaa inamuuma, anafuata soseji, akazunguka kibanda, akakawia, akarudi mikono mitupu akisema soseji zimekwisha, ilhali moshi wa kuzichoma ulikuwa unatuingia machoni. Mwishowe Reima naye akaondoka kutafuta spana.

"Kwa nini kila mtu anahangaika hivi?" Breki akaniuliza. Nikammiminia kahawa.

Saa ilipotimia, spika ikakohoa. Tukasimama wote.

"Maombi ya kununua. Gari la bluu la Koskela, maombi mawili. Gari jekundu lililopinduka, maombi matano. Gari la manjano la Rintakoski, maombi matatu."

"Matatu!" Tangi akashika kichwa.

"Matatu!" Waziri akakaa, akasimama, akakaa.

Reima alitia mikono mifukoni na kuanza kutembea kuelekea kwenye kontena, nasi tukamfuata katika tope kama watu wanaosindikiza jeneza. Breki alibeba kikombe mdomo chini, maji ya mvua yakimwagika.

Karani wa mbio, bibi mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alitutazama kutoka dirishani.

"Gari la manjano. Waombaji wote watatu wasogee mbele."

Tukageuka kumtafuta jamaa wa Lapua. Alikuwa pembeni, chini ya mwavuli, hajasogea. Aliyesogea ni Tangi.

"Wewe?" akasema Breki.

"Nilifikiri, nikiomba na mimi, wakipiga kura tuna nafasi," akasema Tangi, akiangalia mbali. "Leseni ninayo."

Kisha Waziri naye akasogea, taratibu, kama anayeingia kwenye maji baridi.

"Waziri!"

"Nilifikiri hivyohivyo. Nimekopa kwa mke wangu, msimwambie nimesema."

Na Reima akapiga hatua moja mbele, bado mikono mifukoni.

Bibi karani akawahesabu kwa kalamu. "Mmoja, wawili, watatu. Ndio hao."

"Na wengine?" akauliza Breki.

"Wengine wepi?"

"Wanunuzi. Wa nje."

"Hakuna wa nje."

Tangi akaruka, akamrukia Waziri shingoni, Waziri akapoteza kofia. "Tumepona! Jamani, tumepona!" Reima alifunga macho. Nilimwona mabega yakishuka, nami nikajifanya napiga chafya.

Lakini Breki alikuwa bado ameegemea dirisha.

"Bibi, hebu tazama tena. Labda karatasi mbili zimegandana."

"Hazijagandana."

"Hata moja? Lile lililolala chali lina maombi matano! Mimi nimeshinda fainali!"

"Breki, nyamaza, tumepona," akasema Waziri.

"Siwezi kunyamaza, hii ni dharau!" Akamgeukia jamaa wa Lapua. "Wewe! Kwa nini hukuomba?"

"Lakini ninyi wenyewe mmeniambia..."

"Na wewe unasikiliza kila unachoambiwa? Lile gari lina injini kama saa ya ukutani!"

"Mwondoeni," akasema bibi karani, "nipige kura."

"Kura ya nini tena?" akauliza Tangi. "Hatutaki kununua. Tulikuwa tunazuia."

"Maombi matatu, kura inapigwa. Sheria ni sheria. Leo gari hili linauzwa."

Karatasi tatu zikaingia kwenye kofia ya Waziri, ambayo ilikuwa imeokotwa topeni. Bibi akatoa moja, akaisogeza karibu na miwani.

"Hilkka Ojaniemi. Hongera, mama. Taisto, toa ufunguo."

Sasa ndipo Breki alipoelewa. Aliutoa ufunguo mfukoni, akaufuta kwenye ovaroli yake, jambo lililouchafua zaidi, akauweka kwenye kiganja cha Tangi. Tulikuwa tumecheka msimu mzima, lakini wakati ule hakuna aliyecheka.

"Mwakani naendesha mimi," akasema Tangi.

"Lakini ni gari la wote," akasema Breki kwa sauti ndogo.

"Ni la wote. Ila aliyelilipia mbele ya serikali ni mmoja. Utakuwa wa akiba. Nikiumwa."

"Wewe huumwi kamwe, Hilkka!"

"Ndiyo maana nasema."

Reima alikuwa ameinama, akikuna tope kwenye kiatu kwa kiatu kingine.

"Utamweka wapi?" akauliza.

Tangi akamtazama. Ana karakana nyumbani, mpya, ina kipasha joto na taa nyeupe, na sote tunajua kwa sababu hakuna wiki asiyoitaja. Akafungua mdomo, nikaona jina la karakana liko ulimini. Akafunga.

"Kwako, wapi tena," akasema. "Kwangu sakafu ni safi mno, Shangazi ataugua. Ila hiyo kahawa yako, Moshi, ubadilishe. Ile ni ya kuoshea plagi."

"Nitanunua nyingine," akasema Reima, haraka mno kwa mtu kama yeye.

Tangi akaingia, akavuta kiti mbele, akafunga mkanda kwa fahari, akazungusha ufunguo. Shangazi akasema kh. Akazungusha tena. Shangazi hakusema hata kh. Watu walikuwa wakipita kuelekea kwenye magari yao, na jamaa wa Lapua alipita akitikisa kichwa kama mtu aliyeponea chupuchupu.

"Haya," Tangi akatoa kichwa dirishani. "Mnangoja nini? Sukumeni!"

Hivyo ndivyo mshindi wa fainali ya msimu alivyoondoka uwanjani: Tangi kwenye usukani akipunga mkono, sisi nyuma, tope likituruka usoni. Breki alisukuma kuliko sote. Tulipofika kwenye mteremko akaupumzisha mgongo, akamgeukia Reima.

"Kesho tuje ghalani saa ngapi?"

Reima alisukuma hatua mbili zaidi kabla ya kujibu, na sikuwahi kumwona akitabasamu vile.

"Muulize mwenye gari."