Ngazi ya Mwenyewe Tu

Jumatatu, 4 Machi
Bila mimi ukoo huu ungeshasambaratika kama shanga zilizokatika uzi. Leo mpwa wangu, mtunga programu, kaja kuniomba ushauri. (Kaja kuchukua mwavuli wake, ila ushauri nimempa.) Anatengeneza programu ya matangazo ya ukoo. Ndani yake kila mtu ni boksi lenye jina lake na habari zake. Kwanza anaandika kanuni: boksi lipi liruhusiwe kuona lipi. Kurasa tatu, alama tupu! Nimemwambia nilizisoma shuleni. Shule ipi, hakuuliza. Mtoto ana adabu.

Jumanne, 5 Machi
Ngazi ni tatu. Wazi: yeyote anakuona. Warithi: wanao tu. Mwenyewe tu: unajiona mwenyewe, basi. Shemeji, mume wa dada, kachagua wazi. Kama choo cha stendi! Mimi mwenyewe tu. Ngazi ya wakubwa. Mpwa kaniuliza mara mbili kama nimeelewa. Nimemwambia kompyuta ya kwanza mjini niliibeba mimi, begani.

Ijumaa, 8 Machi
Simu kimya siku tatu. Heshima imeanza kufanya kazi.

Jumapili, 10 Machi
Shati la bluu tangu saa tatu asubuhi, nangoja kuitwa. Saa kumi jirani kauliza mbona siko kwenye karamu ya dada, watu wanakula mpaka uani. Nimesema nimewaachia nafasi. Nimekula mkate. Mkavu.

Jumatatu, 11 Machi
Nimemfuata mpwa ofisini, moto. Kanionyesha mstari wa kanuni zake: tangazo, hata la karamu, humfikia yule tu ambaye mtumaji anaweza kumwona. Na mimi hakuna anayeniona. Nikauliza kama mama yake hakushtuka.

“Alishtuka, mjomba. Alipitia orodha akasema kuna mtu anapungua. Hakumkumbuka nani.”

Nikatazama dirishani kidogo. Akasema dakika moja tu, ataniweka wazi, kama baba.

Kama shemeji? Nimekataa. Nimeagiza ngazi ya nne, juu ya zote.

Jumatano, 13 Machi
Mpwa kapiga: ngazi ya nne haipo, ila nikitaka kushuka nimwambie. Nishuke nikakae na shemeji? Thubutu! Watanitafuta wenyewe.

Ila hapa niseme kweli. Asubuhi nimelitumia boksi langu salamu. Nikachelewa kidogo kujibu, nisionekane sina kazi.