Mamlaka ya Kusimamia Sarafu Isiyo na Msimamizi

Umma unafahamishwa kwamba mradi wa kupanua sarafu ya Tulivu kwenye minyororo mipya ulifanikiwa kwa kiwango cha kuridhisha, na kwamba yaliyotokea ukumbini yalisababishwa na wananchi kutumia haki zao bila kutuarifu mapema.

Tulivu ni sarafu ya kwenye simu. Thamani yake haipandi wala haishuki, na haina mwenyewe: inaendeshwa na kompyuta nyingi zilizotawanyika, na kila aliye nayo ana kura. Sifa hiyo ilimgusa sana Mkurugenzi. Siku ya uzinduzi aliunda Mamlaka Kuu ya Kusimamia Sarafu Isiyo na Msimamizi, akajiteua kuwa msimamizi. Mimi nikawa naibu wake.

Mwanzoni Tulivu ilikuwa kwenye mnyororo mmoja, yaani mtandao mmoja wa kompyuta. Watu wakaomba ifike na kwenye mingine, ili wa huku aweze kumlipa wa kule. Mtaalamu wetu wa programu, binti mpole mwenye miwani mikubwa, akatengeneza daraja la kuvushia. Sarafu ikawa inavuka kabla hujameza mate.

"Haraka hii inatia shaka," alisema Mkurugenzi. "Weka kizuizi."

"Cha nini, bosi?"

"Cha idhini. Kila kinachovuka kipite kwenye dole gumba langu."

"Lakini tumetangaza kwamba haina mwenyewe."

"Mimi si mwenyewe. Mimi ni dole gumba tu."

Kikaletwa kidude cha kusoma alama za vidole, kikawekwa mezani kwake juu ya kitambaa cha mahameli. Kila mnyororo ukapewa ofisi, kila ofisi meneja, kila meneja dereva. Kisha Mkurugenzi akasafiri, yeye na dole gumba lake, kwenda kwenye semina ya kugatua madaraka.

Sasa, shangazi yangu ni fundi cherehani. Alikuwa amepata tenda ya kushona sare za shule nzima, akalipwa malipo ya awali kwa Tulivu. Muuza vitambaa yuko kwenye mnyororo mwingine. Shangazi akatuma, muuza vitambaa hakuona kitu, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Akaja ofisini, akapita ukumbi uliojaa watu wenye shida ileile, akasimama mbele ya meza yangu.

"Mwanangu, pesa yangu iko wapi?"

"Iko darajani, shangazi."

"Inafanya nini huko?"

"Inasubiri idhini."

"Ya nani? Si mlisema haina mwenyewe?"

"Haina. Ndiyo maana idhini inachelewa."

Alinitazama kama anavyotazama suruali iliyoshonwa na fundi mwingine.

"Na watoto waende shule na chupi?"

Nilimweleza kwa upole kwamba suala la chupi liko nje ya mamlaka yetu.

Akatoka hadi ukumbini, akamkuta yule binti wa miwani. "Binti," nilimsikia akisema, "hicho kidude kinaondolewaje?"

"Kwa kura, mama. Yeyote mwenye sarafu analeta hoja, wengine wanapiga kura kwenye simu."

"Kwa nini hamkusema?"

"Hakuna aliyeuliza."

Mamlaka haikuwahi kufikiri kwamba wenye sarafu wangepata nafasi ya kupiga kura. Lakini tulikuwa tumewakusanya wenyewe kwenye ukumbi mmoja, tukawapa mabenchi, tukawanyima shughuli. Shangazi alileta hoja akiwa amesimama. Simu zikatolewa mifukoni, kura zikapigwa, kizuizi kikaondolewa. Muda si muda pesa zote zilikuwa zimevuka, na ukumbi ukabaki na mlinzi peke yake.

Mkurugenzi aliporudi alibonyeza kidude. Kikaandika: IDHINI HAIHITAJIKI. Akafuta dole gumba kwenye suruali, akabonyeza tena. Akajaribu la kushoto.

"Rudisha kama zamani," alimwambia binti.

"Siwezi, bosi. Hakuna anayeweza. Na kuna hoja mpya, ya kufuta Mamlaka yenyewe. Ukitaka ibaki, inabidi uwaombe kura."

Hivyo nikampeleka kwa shangazi. Tulimkuta ameinama juu ya meza, mkasi mkononi, vitambaa vya bluu vimefunika kila kiti. Mkurugenzi, ambaye ofisini husubiri kusalimiwa, alitangulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kupimwa?"

"Nimekuja kuomba kura."

"Kwani kazi yako hasa ni nini?"

Alinigeukia. Mimi nilikuwa nachunguza cherehani.

"Basi usijali," alisema shangazi, akimpa pindo la kitambaa. "Shika hapa, nikate."

Akashika. Kwa haki ya Mungu alishika vizuri, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akishika kitu bila kukizuia.