Namna Nilivyotengeneza Ampli ya Chorale

Siku ya kwanza, 8/6/2009

Mama Véronique, mukubwa wa chorale yetu, kwaya ya mutaa wa Lumumba hapa Bunia, ameniletea asubuhi ampli ya gitare, sanduku la kukuza sauti. Inanguruma kama moulin ya kusaga mihogo. Gitare yenyewe inasikilika kwa mbali, kama mutu anayelia ndani ya gunia. Siku ya Mungu kuna misa ya amani: chorale ya kijiji cha Bule itakuja kuimba pamoja na siye, mara ya kwanza tangu vita itugawanye. Akasema: Muzee Adrien, isipoimba mpaka siku ya tano, namupa Roger. Na kiti yako kando ya chorale, ni yeye atakaa.

Kiti yangu! Toka 1987 fundi wa ampli hii ni mimi, na kiti ni ya fundi. Wakati wa vita ampli niliificha chini ya maharagi, ikatoka nzima kuliko mimi. Roger naye ni fundi, ana diplome na kibao cha rangi, ngambo ya barabara, kinatazama mulango yangu. Mimi nina cinquième primaire, darasa la tano, na akili.

Nimechomoa fiche ya umeme, nimefungua, nimegusa. Kumbe courant ilikuwa ingali ndani ya condensateurs kubwa, zile kopo zinazoweka umeme. Ikanipiga, nikaketi chini bila kukaribishwa. Nimefurahi. Kama courant iko, ampli haijakufa.

Siku ya pili, 9/6

Condensateurs kubwa zilikuwa zimekauka. Hizo ndizo zinasafisha courant. Zikikauka, ampli inanguruma. Nimetia zingine, za televizyo iliyokufa. Soudure, ile risasi ya kuunga nyaya, inangaa kama jicho la mbuzi. Kunguruma, kwisha! Mama Dorothée, bibi yangu wa ndoa, akasema sasa nifunge, ninawe mikono, nikule.

Nilifunga? Hapana. Pembeni kabisa niliona condensateur moja ndogo, plus yake, chanya, imechomewa kwa chuma ya sanduku. Plus, kwa chuma! Hata mutoto wa shule anajua: moins, hasi, inaenda kwa chuma, plus upande ingine. Wazungu wa kiwanda walisinzia siku ile. Miaka makumi ine hakuna aliyeona, mpaka mimi. Nimeigeuza. Kando yake nimeandika na crayon: Imesahihishwa na Adrien.

Siku ya tatu, 10/6

Nimeiwasha na groupe ya parokia, mashini yao ya umeme. Condensateur ndogo ikapasuka: pa! Moshi. Fusible, uzi wa kulinda ampli, ikakatika. Ile condensateur ilikuwa muzee, tuisamehe. Nimeitoa, sikutia ingine. Kitu kidogo vile kinaweza kufanya kazi gani? Fusible nayo sina. Nimekunja karatasi ya kungaa ya pakiti ya sigara, nimeitia pale pale. Hiyo haikatiki!

Lampe mbili kubwa za ndani, zile chupa zinazokuza sauti, zikaanza kuwa nyekundu. Si ule uzi wa ndani tu: chuma yote, nyekundu kama makaa. Nguvu gani hii! Nimemwita Mama Dorothée aone. Akasema sufuria yake ikiwa vile, yeye anaitoa kwa moto. Nimemwambia elektroniki si ugali.

Gitare ikaimba dakika mbili, kubwa, tamu. Kisha ikaanza kukohoa. Transfo, ile chuma nzito inayogeuza umeme, ikanuka rangi inayoungua. Nimezima. Sababu naijua: groupe ya parokia ni zaifu.

Siku ya ine, 11/6

Mama Véronique amekuja na Roger. Bila kuniuliza! Roger ananisalimia muzee, muzee, huku anatazama visi, skrubu zangu. Akapitisha courant kwanza ndani ya ampoule ya kawaida, ile ya taa ya nyumba, ndipo ifike kwa ampli. Ampoule ikawaka, nyumba yote ikaonekana mpaka buibui. Nikapiga makofi: muone, sasa inatoa hata taa! Roger akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe ampoule ikiwaka sana, ampli ni mugonjwa. Ikififia, ni nzima. Nani alisikia dawa ya namna ile?

Akaeleza, Mama Véronique anasikiliza mudomo wazi. Lampe kubwa zinataka moins, ndiyo breki yao. Bila moins zinakimbia mpaka zinaungua. Condensateur ile ndogo inachunga breki, ndiyo maana plus yake inakaa kwa chuma. Akaokota ile iliyopasuka: imepasuka kwa sababu iligeuzwa, nani aliigeuza? Nikasema ni vita. Vita iliharibu vitu mingi hapa Ituri. Mama Véronique akainamisha kichwa. Nilikuwa nimepona! Lakini Roger akaangaza na torche, akasoma crayon yangu kwa sauti.

Ampli imeenda ngambo ya barabara.

Siku ya tano, 12/6

Nimepita mbele ya Roger mara sita, kwa shuguli zangu. Mara ya saba akaniita niingie. Condensateur ndogo mupya, plus kwa chuma. Fusible ya kweli. Lampe zimepona, bahati. Akapima moins na multimètre, akageuza visi kidogo kidogo, ampoule ikafifia. Halafu akasema zile condensateurs kubwa hatazigusa, hajaona soudure safi vile mu Bunia yote. Nikamwambia sikio yangu moja ni mubaya, arudilie. Akarudilia. Nikamwita Mama Dorothée, akarudilia tena.

Mama Véronique ameamua: fundi ni Roger. Kiti nabaki nayo, lakini mikono mu mifuko. Vizuri. Mukubwa hashiki tournevis, bisibisi. Mukubwa anakaa.

Siku ya Mungu, 14/6

Gitare iliimba! Bule na Lumumba kwa benchi moja. Mwanzoni kila mutu alitazama viatu vyake. Halafu gitare ikaingia, wamama wakapiga vigelegele, na hakuna aliyejua tena nani ni wa wapi. Nilikaa wima. Kunguruma, hata kidogo hapana. Hiyo ilikuwa kazi yangu.

Kisha chakula. Lionel, mukubwa wa chorale ya Bule, akaniuliza kama fundi wa ampli hii nzuri ni mimi. Roger alikuwa anakula. Nikasema ndiyo. Akasema yao, waliyokuja nayo, mupya kabisa, inakwaruza kidogo, naweza kuitazama? Nimeifungua nyuma ya sacristie, chumba cha padri. Masikini watu wa Bule! Condensateurs tisa, na zote tisa, moins ndiyo iko kwa chuma. Zote! Na mimi sasa najua: plus inakaa kwa chuma. Roger mwenyewe alisema. Nimezigeuza zote tisa, sikuomba kitu. Kesho wataiwasha kule Bule mbele ya watu wote.

Namna hii ndiyo amani inajengwa.